Eksirei, Mionzi na Picha: Historia ya Maneno na Tatizo la Jina la Shahada

Miongoni mwa barua zinazofika katika meza yetu ya istilahi, ziko zinazojibika kwa dakika moja, na ziko zinazotulazimisha kufungua makabati ya zamani. Barua moja ya aina hii ya pili ilitoka kwa kijana wa Unguja aliyekwisha kuhitimu shahada ya kwanza ya radiolojia na picha za kitabibu. Cheti chake kimeandikwa kwa Kiingereza. Alipokwenda kuomba kazi aliambiwa alete tafsiri, kwa kuwa majalada ya watumishi huandikwa kwa Kiswahili. Akawapelekea wafasiri watatu, akarudi na majina matatu. Wa kwanza aliandika "Shahada ya Mionzi", wa pili "Shahada ya Eksirei", na wa tatu "Shahada ya Upigaji Picha". Karani aliyeipokea karatasi ya tatu alimwuliza, bila ya dhihaka yoyote, iwapo hupiga na picha za harusi.

Tulicheka tulipoisoma barua hiyo, kisha tukaona kuwa hakuna hata mmoja kati ya wafasiri wale aliyekosea kwa uzembe. Kila mmoja alilichukua neno ambalo wananchi wanalitumia, na kila neno lina historia yake na haki yake. Tatizo ni kwamba maneno hayo yaliingia katika lugha kwa nyakati mbalimbali na kwa milango mbalimbali, na hapana aliyekaa kuyapanga. Katika makala hii tutajaribu kuzifuata nyayo za maneno hayo, hasa kama yalivyopita hapa Unguja, kabla ya kutoa rai yetu juu ya jina la shahada.

Tuanze na wakati ambao jambo lenyewe halikuwapo. Kamusi ya Kiingereza na Kiswahili ya A. C. Madan ilichapishwa mwaka 1894, na mwaka uliofuata, tarehe 8 Novemba 1895, Wilhelm Conrad Röntgen aligundua katika mji wa Würzburg, Ujerumani, miale isiyoonekana iliyopenya karatasi, mbao na nyama ya mwili, lakini ikazuiliwa na mfupa na risasi. Kabla ya mwaka kwisha alikuwa amekwisha kuupiga picha mkono wa mkewe, mifupa na pete vikaonekana. Kwa kuwa hakujua miale hiyo ni kitu gani, aliipa alama ambayo wanahisabati huipa namba wasiyoijua, yaani X. Mwezi Januari 1896 mwanachuoni mwenziwe, Kölliker, alipendekeza miale hiyo iitwe kwa jina la Röntgen mwenyewe. Basi tangu siku za mwanzo kulikuwa na majina mawili: moja la kukiri kutojua, na jingine la kumheshimu mgunduzi. Lugha za dunia ziligawanyika hapo. Wajerumani, Warusi na Waturuki walishika jina la mtu. Waingereza, Wafaransa na Wahispania walishika herufi. Waarabu nao walishika herufi, ila waliitafuta katika alfabeti yao wenyewe, wakasema miale ya sin.

Kiswahili kilikuwa na nafasi ya kuchagua. Ng'ambo ya mkondo wetu, Tanganyika ilikuwa chini ya Wajerumani, na watawala wale waliacha maneno yaliyodumu: watu wa Bara wanasema "shule" na "hela" hata leo, ilhali sisi wa visiwani tumebaki na "skuli". Jina la Röntgen, hata hivyo, halikuacha alama yoyote katika lugha. Unguja ilikwisha kuwekwa chini ya himaya ya Waingereza mwaka 1890, na Tanganyika nayo ikaja ikaingia mikononi mwao baada ya Vita Vikuu vya Kwanza. Neno likaja na hospitali za Kiingereza, kwa matamshi ya Kiingereza, na masikio ya Waswahili yakalitengeneza likawa "eksirei". Vokali ya i iliyopachikwa katikati ni kazi ya ulimi wa Mswahili, usiopenda konsonanti zirundikane.

Hapa inafaa tujiulize kwa nini jambo hili halikupewa jina la kienyeji, wakati mambo mengine yasiyokuwa madogo yalipewa. Waya wa baharini wa simu za maandishi ulifika Unguja mwaka 1879 kutoka Aden. Watu hawakulichukua jina la Kiingereza, walilitumia neno "simu", ambalo asili yake ni Kiajemi kwa maana ya waya. Zilipowashwa taa katika Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Sultani Barghash mwaka 1883, nguvu ile iliitwa "umeme", jina la kile kimulikacho mbinguni wakati wa mvua. Tunavyoona sisi, tofauti ni hii: simu na umeme vilikuwa mbele ya macho ya watu barabarani, na kila mpita njia alikuwa na haki ya kuvipa jina. Eksirei ilikaa nyuma ya mlango uliofungwa, katika chumba cha giza, na jina lake lilikuwa limeandikwa juu ya mlango huo kwa Kiingereza. Mgonjwa alilikuta jina limekwisha kutolewa.

Hata hivyo mgonjwa hakukaa kimya. Kama hakuweza kukipa jina kile chombo, alikipa jina kile kitendo, na kwa hili alikuwa na neno tayari. Mji Mkongwe ulikuwa mji wa wapiga picha. Wagoa kama A. C. Gomes na ndugu wa Coutinho walikuwa na studio zao tangu karne ya 19, na mwaka 1930 Ranchhod Oza akafungua Capital Art Studio. Neno la zamani, "sanamu", lililobeba maana ya picha, lilikuwa limekwisha kulipisha neno "picha", na "kupiga picha" kulikuwa ni msemo wa kila siku. Mtu aliyevunjika mkono alipotoka hospitali alisema: nimepigwa picha. Hakuona tofauti kubwa baina ya studio na hospitali, na kwa upande wa ufundi hakuwa mbali na ukweli. Miale ya eksirei hupita mwilini, huipiga filamu iliyo upande wa pili na kuitia weusi. Mfupa huizuia, na mahali pake hubaki peupe. Picha ya eksirei kwa hakika ni kivuli cha mfupa.

Baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964 Hospitali ya Mnazi Mmoja, ambayo kwa miaka kadhaa ilichukua jina la V. I. Lenin, ilipokea madaktari kutoka nchi nyingi. Wachina walianza kuja mwaka huo huo wa 1964, na timu zao zimeendelea kupokezana. Walikuja pia madaktari kutoka nchi za kisoshalisti za Ulaya na kutoka Cuba. Mjerumani alikuja na jina la Röntgen, Mchina na "mwanga wa X", Mkuba na "miale ya X" kwa Kihispania. Eksirei ilibaki eksirei. Tunalitaja hili kwa sababu wako wenzetu wanaodai kuwa utohoaji ni udhaifu wa lugha. Neno lililoishi kati ya wageni wa lugha nne au tano, likatumiwa na wagonjwa na wauguzi bila ya amri ya mtu, haliwezi kuitwa dhaifu. Wanaisimu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitupa neno "uyoka", na wasomaji wataliona katika kamusi. Ni neno fupi, linanyambulika, halina kasoro ya kisarufi. Lakini hatujapata kumsikia mgonjwa wa Unguja akisema ametumwa kwenda kupigwa uyoka, wala muuguzi.

Neno la tatu, "mionzi", lina safari nyingine. Kila aliyelala chini ya paa la makuti anaujua mwonzi: ni ule mwanga mwembamba wa jua unaopenya katika tundu. Wanasayansi walipohitaji neno la miale ya kila namna, walilichukua hili, nalo likafaa sana. Sheria ndiyo iliyolipa uzito mpya. Mwaka 1983 iliundwa Tume ya Taifa ya Mionzi, na kazi zake zikarithiwa na Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania iliyoundwa kwa Sheria ya mwaka 2003. Kazi ya vyombo hivi ni kuwakinga watu, na kwa hiyo neno "mionzi" likaonekana zaidi katika mabango ya tahadhari, pamoja na ile alama ya mapanga matatu katika rangi ya manjano. Upande mwingine lilikuwa saratani. Matibabu ya saratani kwa mionzi yalianza Ocean Road, Dar es Salaam, mwaka 1980, na Wazanzibari wengi wamevuka bahari kwenda huko. Waliporudi walisema kuwa wamepigwa mionzi, na wengine wakasema kuwa wamechomwa.

Tuyatazame maneno hayo kwa makini. Kitenzi "kupiga" katika Kiswahili hufanya kazi nyingi zisizo na ubaya wowote: tunapiga simu, tunapiga pasi, tunapiga picha. Lakini "kupigwa" na kitu chenye nguvu kisichoonekana ni jambo jingine, nalo humkumbusha msikilizaji mtu aliyepigwa na radi. Hivyo "mionzi" ya mwonzi wa jua, ambayo haikuwa na lawama, ilitoka katika bango la tahadhari na katika wodi ya saratani ikiwa imebeba hofu. Na ni neno hili hili, pamoja na hofu yake, ambalo hospitali zetu nyingi zimelichagua kuwa jina la idara nzima inayopiga picha.

Wakati wa eksirei peke yake, kosa hilo halikuwa kubwa. Lakini fani yenyewe haikusimama. Mwaka 1958 Ian Donald na wenziwe wa Glasgow walitangaza namna ya kumwona mtoto tumboni kwa mawimbi ya sauti, yaani kipimo kinachoitwa leo na kila mtu "ultrasaundi". Tarehe 1 Oktoba 1971 mgonjwa wa kwanza alipigwa, katika hospitali moja ya London, picha ya kichwa kwa mashine ya Godfrey Hounsfield iliyokusanya vivuli vya pande nyingi na kuvifanya tabaka kwa hesabu za kompyuta. Hounsfield alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1979 pamoja na Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg, ambaye hesabu zake alizianza alipokuwa akifanya kazi Cape Town. Baadaye ikaja mashine ya sumaku, iliyowapatia Lauterbur na Mansfield Tuzo ya Nobel ya mwaka 2003. Katika vyombo hivi vipya vitatu, ni kile cha tabaka tu kinachotumia eksirei. Ultrasaundi hutumia sauti ya kasi isiyosikika kwa sikio la mwanadamu. Mashine ya sumaku hutumia sumaku na mawimbi ya redio. Hapana mionzi ya kuogopwa katika viwili hivyo, na ndiyo maana ultrasaundi imekuwa kipimo cha wajawazito.

Kwa vipimo vinavyotumia mionzi pia kuna tofauti ambayo jina moja huificha. Picha moja ya kifua humpatia mtu kiasi cha milisiveti 0.1 au chini ya hapo. Picha za tabaka za tumbo hufikia milisiveti 8 hadi 10 hivi. Na kila mwanadamu, hata asiyewahi kufika hospitali, hupata wastani wa milisiveti 2.4 kwa mwaka kutoka katika ardhi, chakula, hewa na anga. Mwanafunzi wa shahada hii huanza kujifunza hesabu hizi mapema, kwa sababu ndizo zitakazomwambia lini picha ifae na lini isifae.

Tulikwenda siku moja katika hospitali moja ya shamba, hapa hapa Unguja, kukusanya maneno. Tulikaa katika baraza ya kungojea. Mlangoni palikuwa na kibao: CHUMBA CHA MIONZI. Nyuma ya mlango huo kulikuwa na ukumbi mwembamba, eksirei upande mmoja, ultrasaundi upande wa pili. Akatoka binti mmoja, mwanafunzi aliyekuwa katika mazoezi, akamwamkia mama mmoja mja mzito aliyekuwa wa mbele.

"Shikamoo, mama. Karibu ndani, ni zamu yako."

"Marahaba, mwanangu. Mie siingii. Nna mzigo, na hapo pameandikwa mionzi. Tumekatazwa."

"Hiki chako si mionzi, mama. Ni sauti."

"Sauti ya nani?"

Yule binti alinyamaza. Alikuwa amesomeshwa kwa Kiingereza namna mawimbi yanavyorudi kutoka katika tishu, na tunaamini kuwa alikuwa anaijua kazi yake barabara. Kwa Kiswahili hakuwa na sentensi ya pili. Mama yule alikunja karatasi yake, akaitia katika mkoba, akaondoka, na karatasi hiyo ilikuwa imeandikwa kuwa mtoto ameshukiwa kukaa vibaya. Tuliambiwa baadaye kwamba alirudi siku ya tatu, akisindikizwa na mama mkwe wake, baada ya mkunga wa kijijini kumweleza kuwa chombo kile hufanya kama popo, ambaye hutoa sauti katika giza na kuujua ukuta kwa mwangwi wake. Sisi tuliosomea istilahi hatukuwa tumeufikiria mfano huo.

Kisa hiki hakina maana kwamba Kiswahili hakina maneno ya fani hii. Mwanafunzi wa radiolojia hutumia muda mwingi kujifunza kumlaza na kumgeuza mgonjwa, na kila mlalo una jina lake la Kilatini au la Kiingereza. Mswahili naye anayo majina ya milalo hiyo tangu utotoni: chali, ambayo wengine huita kingalingali, kifudifudi, na kwa ubavu. Mifupa nayo ina majina. Mtulinga ni ule mfupa unaotoka bega kuja kooni, ambao watoto huuvunja wanapoanguka kutoka katika miembe. Muundi ni mfupa wa mbele wa mguu, kati ya goti na kifundo. Kisugudi ni kiwiko. Tena kuna nyonga, taya na fuvu. Amri za chumba cha picha ni maneno mepesi kabisa: vuta pumzi, izuie, tulia, pumua. Kinachokosekana ni daraja kati ya maneno haya na yale ya kitabuni, na daraja hilo halijengwi, kwa sababu masomo yote hufanywa kwa Kiingereza na mtihani hauulizi kama mwanafunzi anaweza kumwelewesha bibi wa Makunduchi. Tunathubutu kusema kuwa hili ni pungufu la mitaala, na vyuo vyetu vingeweza kulirekebisha kwa saa chache tu za masomo.

Sasa turudi kwa kijana wetu na cheti chake. Vyuo vyenyewe havijaafikiana hata kwa Kiingereza. Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili kimeipa shahada yake jina linalounganisha upigaji picha wa kutambua maradhi na ule wa matibabu. Chuo Kikuu cha Bugando, Mwanza, kimetaja picha za kitabibu na tiba ya mionzi. Majina yote mawili yanakubali kwamba kuna mambo mawili ndani ya shahada moja: kuona na kutibu. Mfasiri anapoandika "Shahada ya Mionzi" huyachanganya mawili hayo, na juu yake huitupa nje ultrasaundi na sumaku, ambazo mwenye cheti amezisomea. Mfasiri wa "Eksirei" hutaja chombo kimoja na kuviacha vingine. Mfasiri wa "Upigaji Picha", ambaye karani alimcheka, ndiye aliyekaribia zaidi, ila hakumaliza sentensi.

Rai yetu ni kwamba neno la kujengea liwe "picha", neno ambalo mgonjwa wa Unguja alilichagua mwenyewe tangu zamani. Wako waliotushauri tutumie "taswira", neno zuri lililozoeleka katika pwani hii, lakini wahakiki wa fasihi wamekwisha kulichukua, na hatuoni sababu ya kugombana nao. Tatizo lililobaki ni la kivumishi. "Picha za tiba" husikika kama kwamba ni picha zinazoponya. "Picha za kitabibu" ni bora, na "picha za uchunguzi" ni bora zaidi pale ambapo matibabu hayamo. Kwa jina la taaluma nzima tunakubali "radiolojia" bila ya manung'uniko, kwa vile imekwisha kutumika hata katika jina la Baraza la Wataalamu wa Radiolojia la Tanzania Bara, lililotokana na Sheria ya mwaka 2007. Basi cheti cha kijana yule kingesomeka: Shahada ya Sayansi ya Radiolojia na Picha za Kitabibu. Pale ambapo chuo kimetaja matibabu, iongezwe "na Tiba ya Mionzi", ili neno "mionzi" libaki mahali penye mionzi.

Kwa vyombo, tunapendekeza "eksirei" ibaki kwa chombo na kwa picha yake. "Picha ya tabaka" kwa ile ambayo hospitalini huitwa sitiskani. "Picha ya sumaku" kwa ile ya tatu. Na "picha ya mwangwi" kwa ultrasaundi. Hili la mwisho ni la mkunga, nasi tumelichukua kwa idhini yake. Ultrasaundi yenyewe haitaondoka midomoni mwa watu, wala hatuna haja ya kuiondoa. Ila mlangoni, mahali ambapo mama mja mzito anasoma kabla ya kuamua kuingia au kurudi nyumbani, tungependa pasomeke IDARA YA PICHA, na bango la mionzi liwekwe katika mlango wa chumba chenye mionzi peke yake.

Jambo moja bado halijatulia, nalo ni jina la mtu. Kiswahili cha hospitalini humwita "mtaalamu wa mionzi" yule anayepiga picha na yule daktari anayeisoma. Mgonjwa hawezi kuwatofautisha, na aliyepiga picha huulizwa kila siku "nna nini, daktari?" swali ambalo si haki yake kulijibu. Tumefikiria "mpiga picha za kitabibu" kwa wa kwanza na "daktari wa radiolojia" kwa wa pili. Wenzetu wa Bara wanaona la kwanza linamshusha msomi wa chuo kikuu. Wasomaji walio katika hospitali na vyuo wanaombwa watuletee maoni yao kabla ya kikao kijacho.

Kijana aliyetuandikia amekwisha kuajiriwa. Katika jalada lake limeandikwa "Shahada ya Mionzi". Tumemwandikia afisa anayehusika kuomba lisahihishwe, na jibu bado tunalingojea.